Mti, Shoka na Waya wa Umeme: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Muze



Mwembe ni mali. Katika joto la bonde la Ziwa Rukwa, kaya hupata humo kivuli, matunda na kuni, na mara nyingi mti huo ulipandwa na babu aliyekwisha kuzikwa. Hivyo haishangazi kwamba mwenye mwembe ulioegemea waya wa umeme huahirisha kuukata mwaka hadi mwaka. Kisha siku moja umeme hukatika kijiji kizima, naye huchukua panga, au humwita kijana mwenye msumeno wa mnyororo, akiamini kwamba saa ya usalama imefika. Imani hiyo ndiyo inayoua.

Umeme uliokatika haujazimwa. Fundi aweza kuurudisha wakati wowote bila kujua kwamba kuna mtu juu ya mti. Laini nyingine zina mitambo inayojaribu yenyewe kurudisha umeme sekunde chache baada ya hitilafu. Aidha, jenereta ya nyumba au ya mashine ya kukoboa mpunga ikiunganishwa vibaya yaweza kupeleka umeme kinyumenyume hadi kwenye waya wa nje. Kuzima swichi ya nyumbani, au kuishiwa na uniti za LUKU, hakuuzimi waya unaopita juu ya uwanja. Ndiyo maana mafundi wa TANESCO huzima laini, huipima, kisha huiunganisha na ardhi kabla ya kuruhusu mkono wa mtu kuigusa.

Wapo wanaodhani kwamba mti haupitishi umeme. Mti mbichi umejaa maji na chumvi za udongo. Laini ya msongo wa kilovoti 33 ina volti 33,000, na kwa nguvu hiyo hata tawi, kamba yenye unyevu au ngazi ya mianzi hugeuka kuwa njia ya umeme. Wala si lazima kugusa waya: msongo mkubwa waweza kuruka hewani pale tawi au chombo kinapoukaribia. Balbu ya wati 60 hutumia takribani miliampea 260. Kiasi kisichofika robo ya hapo, kikipita kifuani, chaweza kuusimamisha moyo.

Hatari haimkabili mkataji peke yake. Tawi likigusa waya hutoa cheche, na wakati wa kiangazi nyasi kavu hazihitaji zaidi ya hapo. Waya ukikatika, zahanati hukosa mwanga na mashine za nafaka husimama. Hata mataifa tajiri yameonja jambo hili. Tarehe 14 Agosti 2003, laini kubwa za jimbo la Ohio, Marekani, ziligusa miti iliyoachwa kukua chini yake. Hitilafu hiyo, pamoja na makosa ya usimamizi wa mitambo, iliwaacha gizani watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Septemba, hitilafu iliyoanzia kwenye mti karibu na laini nchini Uswisi ilifuatiwa na giza karibu Italia nzima.

Je, mwananchi atajuaje kwamba mti wake uko karibu mno? Kijiti kinatosha. Mpimaji hunyoosha mkono mbele na kushika kijiti wima, sehemu iliyo juu ya ngumi ikiwa na urefu sawa na umbali wa kutoka jichoni hadi kwenye ngumi. Hurudi nyuma katika ardhi tambarare mpaka kijiti kionekane kulingana na mti, kuanzia chini ya shina hadi kileleni. Umbali kutoka aliposimama hadi kwenye shina ndio urefu wa mti, kwa makadirio. Waya ukiwa ndani ya umbali wa mara mbili ya urefu huo, mti usiguswe kabla TANESCO haijashauriwa. Mti huweza kugeuka unapoanguka, hasa wenye shina lililooza, tawi zito la upande mmoja, au upepo unapovuma.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mwenye mti humwarifu mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, na taarifa hupelekwa ofisi ya TANESCO au kwa simu namba 180. Hutajwa kijiji, kitongoji na alama iliyo karibu na nguzo. Mafundi wakifika, ni wao wanaoamua kama mti utapunguzwa matawi au utaangushwa, nao ndio wanaothibitisha kwamba laini imezimwa. Ni vyema kukubaliana kabla ya kazi kuhusu magogo na kuni, ili mwenye mti asihisi ameporwa. Kusubiri huchosha, lakini matanga huchosha zaidi.

Waya ukiwa umekwisha kuanguka, uhesabiwe kuwa una umeme hata kama umelala kimya. Watu na mifugo wakae mbali, mita 10 au zaidi, kwa sababu umeme husambaa ardhini kuuzunguka. Aliyejikuta karibu asikimbie wala asitanue miguu. Aondoke kwa kuburuza nyayo, mguu mmoja ukiwa ubavuni mwa mwingine. Aliyenaswa asivutwe kwa mkono. Fimbo kavu ambayo watu huitegemea haimlindi mwokoaji katika msongo mkubwa, na huruma ya haraka imekwisha kuongeza maiti ya pili juu ya ile ya kwanza. Ipigwe 180, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Dawa ya kudumu iko kwenye shimo la kupandia. Mkaratusi huweza kupita mita 30 na mwembe mita 15, ilhali nguzo nyingi za vijijini hazizidi mita 12. Mche wa leo ukipandwa chini ya waya ni ugomvi wa miaka kumi ijayo. Mvua zikianza, miti mirefu ipandwe mbali na njia ya umeme, na iliyo kando yake ipogolewe mapema ingali mifupi, kabla haijaukaribia waya. Samaki mkunje angali mbichi.

Muze inahitaji vyote viwili, kivuli na taa. Vitakaa pamoja iwapo kila mwenye shamba atatazama juu kabla ya kupanda, na kuuliza kabla ya kukata.