Msambu: Mti Jike Uletwe Shambani

Katika misitu ya Amani, Usambara Mashariki, tunda la msambu halichumwi, linasubiriwa. Mti wenyewe hupita mita 30 kwa urefu, na tunda lake la kahawia, ambalo hufikia sentimita 34, huanguka kwa kishindo. Waokotaji huyarundika matunda na kuyafunika kwa majani hadi yalainike. Kisha huuponda kwa mikono ule ute unaonata, huzitoa mbegu moja moja, huziosha na kuzianika.

Wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii, kwa kumkumbuka Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyehusika na kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Kwa asili huota Tanzania tu, katika milima kama Usambara, Nguru, Uluguru na Udzungwa. Wenyeji wametumia mafuta ya mbegu zake kupikia na kutengenezea sabuni.

Mafuta hayo ndiyo yaliyouletea mti huu wageni. Zaidi ya asilimia 90 ni asidi ya steariki na oleiki, kwa hiyo huganda yenyewe bila kugandishwa kiwandani, sifa inayofaa sana kwa siagi ya mimea. Katika miaka ya 2000 kampuni ya Unilever iliingia katika biashara ya mbegu hizi, na mwaka 2007 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ikaona mafuta hayo ni salama kwa matumizi hayo.

Lakini mbegu zitoke wapi? Msituni kuna panya buku, anayezibeba na kuzifukia. Zile asizozirudia ndizo zinazoweza kuwa miti. Ukiokota zote, umemnyang'anya panya chakula na umeunyima msitu miche. Hapo ndipo hoja ya makala hii ilipo: msambu upandwe mashambani, na upandwe kwa kubebesha, yaani kuunga kijiti cha mti mmoja juu ya mche mwingine.

Kuotesha mbegu peke yake hakutoshi. Mbegu ya msambu inaweza kukaa kwenye udongo mwaka mzima bila kuchipua, ingawa kuiondoa ganda na kuiweka katika mfuko wenye unyevu huiharakisha. Gumu zaidi ni jinsia. Kama mpapai, msambu una dume na jike; ila mpapai hujionyesha mapema, msambu humchukua mkulima miaka 10 au zaidi. Fikiria mtu aliyetunza miche 20 muda wote huo, kisha nusu yake isizae hata tunda moja!

Bahati nzuri, Amani iko wilaya ya Muheza, kwa wakulima wa machungwa, na kubebesha si jambo geni huko. Mche wa msambu hukatwa kichwa na kupasuliwa katikati. Kijiti kutoka mti jike unaozaa vizuri huchongwa kama kabari, huchomekwa kwenye ufa, kisha pale panapoungana hufungwa kwa utepe wa nailoni usioruhusu maji. Mkulima anajua tangu siku hiyo kwamba amepanda jike, na hungoja miaka michache kuliko aliyeotesha mbegu. Madume machache yaachwe shambani kwa ajili ya chavua.

Mahali pa kuupanda msambu papo tayari: katikati ya iliki. Zao hilo, lililosababisha miti midogo ya msitu wa Usambara ifyekwe, linapenda kivuli, na msambu unakitoa. Kila kijiji kingeanza kwa kuweka alama ya rangi kwenye miti jike inayozaa sana, ili vijiti vya kitalu vikatwe hapo.