Mbegu Ambazo Hatutazipanda Tena

(Mazungumzo ya kamati ya bustani katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Soweto, Mbeya)



 Sanduku letu bado lina kufuli zake tatu, na wenye funguo tatu bado wanasalimiana. Hilo si jambo dogo.

Mama Katibu amekwisha kusoma risala ya mapato. Sisi wa kamati ya bustani tumepewa dakika chache, na tumeamua kuzitumia kwa jambo ambalo halisomwi kwenye risala, yaani mbegu zilizotuangusha. Mkifungua daftari la mikopo mtaona wenyewe: mikopo mingi midogo ni ya mbegu, mbolea na dawa. Nyanya ikikubali, marejesho yanakuja bila kukumbushwa. Ikikataa, mama anauza kuku, anakopa kwa jirani, mwisho anaanza kukosa vikao. Na kibaya zaidi, hasemi. Anaona aibu, anaogopa kuitwa mvivu. Basi msimu unaofuata mwenzake ananunua pakiti ileile na kulia kilio kilekile. Ndiyo maana leo tunazitaja kwa majina, hadharani.

Tuanze na nyanya. Ya kwanza ni Money Maker, au manimeka kama tunavyoiita. Jina hilo kwa Kiingereza maana yake ni mleta pesa. Jamani, pesa hatukuiona! Nyanya hii ni ya Uingereza, na kule ilizoea kulimwa ndani ya nyumba za vioo, mahali ambapo mvua haiigusi. Sisi Mbeya mvua inaanza Novemba inakwenda hadi Mei. Mmea wake ni mrefu, unataka miti na kamba, na mvua ikizidi ukungu unaukamata kwanza majani kisha matunda. Utapiga dawa mpaka bomba lichoke. Ganda lake ni jembamba, linapasuka. Ukiijaza kwenye tenga kwa safari ya Tunduma, zile za chini zinafika zimekuwa juisi.

Waliohamia Tanya na Tengeru 97 wamepumua. Hizi ni aina zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na utafiti wa Tengeru, Arusha. Zina ganda gumu na zinavumilia safari. Tanya ni fupi, haidai miti mingi. Nazo zinahitaji dawa ya ukungu wakati wa mvua, tusidanganyane. Na kwa upande wa ladha, tuseme haki: kwenye mchuzi Money Maker inazishinda. Kwa hiyo mwenye kuipenda apande miche mitatu karibu na jiko, lakini asiikopee.

Hapo hapo tuseme jingine. Kantangaze, yule mdudu aliyeonekana nchini mwaka 2014, anatoboa majani na matunda ya nyanya za kila jina. Aliyepigwa na kantangaze asiisingizie mbegu, maana atabadilisha pakiti kila mwaka na mdudu atamfuata.

La pili ni vitunguu. Wapo wenzetu waliopata pakiti nzuri zenye picha ya kuvutia kutoka kwa ndugu walioko Ulaya. Majani yalistawi kweli kweli, shingo zikanenepa, lakini chini hakuna kitunguu. Wengine walidhani ni mbolea, wengine wakasema ni jicho la jirani. Sababu ni mwanga. Kitunguu huhesabu urefu wa mchana ndipo kianze kujaza. Aina za nchi za kaskazini zinangoja mchana wa saa 14 au zaidi, kama wanaoupata kule wakati wao wa kiangazi. Hapa kwetu mchana haufiki hata saa 13, mwaka mzima. Kitunguu hicho kitangoja mpaka kife. Mbolea haiongezi saa za jua.

Texas Grano yenyewe inajaza vizuri hapa, na ni kubwa, ukiipanga sokoni inapendeza. Tatizo lake ni kukaa. Ina maji mengi, inaoza mapema, kwa hiyo unalazimika kuuza siku ileile ambayo magari ya Ruaha Mbuyuni nayo yanashusha mzigo, na bei anapanga mnunuzi. Red Creole ni ndogo na inawasha macho, lakini ukiikausha vizuri inakaa miezi na kukusubirisha bei. Sisi ni watu wa akiba. Kitunguu kinachooza si akiba.

La tatu ni karoti. Nantes ni tamu na umbo lake limenyooka, lakini inataka udongo tifutifu wenye kina. Mwenzetu mwenye shamba kule Uporoto anaisifu, na ana haki. Kwenye udongo mzito wa mabondeni tunakolima wengi wetu, inatoka imegawanyika miguu kama mwanasesere, na mteja anaicheka kabla hajauliza bei. Chantenay ni fupi, ina mabega mapana, inavumilia udongo mzito. Ndiyo tunayobaki nayo.

La nne ni kabichi ya Copenhagen Market, na hapa kamati haikukubaliana. Wanaoikataa wanasema kichwa ni kidogo, mnunuzi anahesabu vichwa hapimi kilo, na ukichelewa kuvuna kinapasuka. Wanaoitetea wanasema inawahi kukomaa, na mama mwenye familia ndogo anataka kabichi ya chungu kimoja. Tumeiacha hivyo: anayeuza kwa jumla aiache, anayeuza gengeni aendelee.

Akina mama, mmeona wenyewe kwamba karibu kila mbegu tuliyoitaja ina mahali inapopendwa. Kwa hiyo tusiende mtaani kusema mbegu fulani ni takataka. Tuseme ilikataa wapi, msimu gani, na kwa soko gani. Maneno hayo matatu ndiyo yatakayomsaidia mwenzako.

Kutokana na hayo, kamati inaleta mapendekezo manne.

Kwanza, mbegu ngeni ianze kwenye tuta moja moja kwa wanachama watatu wenye udongo tofauti, ipite masika na kiangazi, ndipo sanduku liikopeshe.

Pili, anayechukua mkopo wa mbegu ya F1 ahesabu pia pakiti ya msimu unaofuata. Mbegu ukizikamua kwenye tunda la F1, watoto hawafanani na mama.

Tatu, tusitupe pakiti wala risiti mpaka tuvune. Tuangalie lebo ya TOSCI na tarehe kabla ya kulipa. Mbegu isiyofaa shamba lako ni kesi moja, mbegu mbovu au bandia ni kesi nyingine. Ile ya kwanza tunaizungumza hapa kikaoni. Ile ya pili inapelekwa kwa bibi shamba, na bila pakiti huna ushahidi.

Nne, na hili ndilo lililotusimamisha hapa. Mwanachama akichelewa marejesho kwa sababu ya mazao, kamati iende shambani kwake kwanza, na aongezewe muda endapo itaonekana mbegu ndiyo iliyokataa. Deni litabaki deni, hatusemi lifutwe. Tunachosema ni kwamba asiitwe mvivu kabla pakiti yake haijasomwa. Fedha ikipotea hutafutwa. Mama akishaacha kuja kikaoni kwa aibu, ni vigumu kumrudisha, na hisa zake haziwezi kutuamkia.

Tunaomba mkutano uyapokee mapendekezo haya na kuyapigia kura. Mwenye mbegu iliyomwangusha ambayo hatukuitaja, asimame aitaje leo leo, iandikwe kwenye daftari.