Machicha ya Muhogo na Ufungashaji wa Bidhaa



Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, na Tanzania nayo tarehe 1 Juni 2019, suala la vifungashio limekuwa la kila chama chenye bidhaa sokoni. Mifuko mingi iliyoshika nafasi ya ile ya zamani, yenye sura ya kitambaa, nayo ni plastiki, haiozi.

Basi yafaa kuutazama muhogo. Penye mashine ya kukuna muhogo hapakosi chungu ya maganda na machicha, na maji meupe yamwagikayo mtaroni. Weupe huo ni wanga unaopotea. Wanga ukipikwa katika maji hadi kufikia nyuzi 70 hivi za Sentigredi, hugeuka uji mzito unaonata. Uji huo ukitiwa gliserini kidogo na kutandazwa ukauke, huwa utando unaopindika. Bila gliserini, huvunjika kama kioo. Ukichanganywa na nyuzi za machicha na kubanwa katika kalibu ya moto, hutoka trei ngumu, ambayo ikifukiwa shambani huozeshwa na vijidudu vya udongo.

Adui wa trei hiyo ni maji. Ikiloa hulegea, haifai samaki wala nyama mbichi. Inafaa mayai, nafaka na viungo vikavu. Kuipaka nta ya nyuki husaidia kiasi. Kuipaka plastiki ni kurudi kule kule.

Liko jambo zito zaidi. Je, maganda hayo ni taka kweli? Yakikaushwa vizuri hulisha mbuzi na nguruwe. Chama kikiyachukua bure kitakuwa kimempokonya mwanachama lishe ya mifugo yake, naye atahitaji kulipwa. Tena muhogo mbichi huharibika ndani ya siku 2 au 3 baada ya kung'olewa, na machicha huchacha upesi. Mtambo uliojengwa mbali na mashine ya kukuna utapokea uozo. Maganda ya muhogo mchungu yana sumu ya sayanidi, hivyo maji yaliyoyaosha yasielekezwe kisimani.

Kwa hiyo, kabla ya mkopo wa mtambo kuombwa, Katibu apime kwa mizani, msimu mzima, machicha yanayobaki baada ya mifugo kula. Hesabu hiyo isomwe mbele ya Mkutano Mkuu, pamoja na bei ambayo wanunuzi wa trei wamekubali kulipa.