Redio ya volti 6 na betri ya gari
(Mazungumzo ya fundi kwa wakazi wa kambi)



Ninyi mliotoka Nyakabiga, Bwiza au Buyenzi mlizoea kuchomeka adapta ukutani. Ukutani mna volti 220, adapta huzipunguza hadi 6 au 9, na redio inaimba. Hapa kambini wengi mnategemea betri ya gari, volti 12. Na redio haiachwi: mwaka 1995 Studio Ijambo ilianza Bujumbura na Radio Kwizera ikaanza Ngara, na habari nyingi za nyumbani zimewafikia wakimbizi kwa njia hiyo.

Tazama mahali pa mawe ya redio yako. Kila jiwe ni volti 1.5, mawe manne ni volti 6. Ukiifunga moja kwa moja kwenye betri ya volti 12, utaiunguza.

Kuna kifaa kidogo cha miguu mitatu, kimeandikwa 7806. Kishike maandishi yakikutazama, miguu chini. Mguu wa kushoto hupokea chanya ya betri; wa kati ni wa hasi, ya betri na ya redio pia; wa kulia hutoa volti 6. Fundi ataongeza kapasita mbili ndogo ili kitulie. Volti zinazozidi hugeuka joto, kwa hiyo kifunge kwa skrubu kwenye kipande cha aluminiamu (sufuria iliyotoboka yafaa sana). Kipande hicho kisiguse waya wa chanya.

Adapta mliyobeba haifanyi kazi kwa betri, lakini waya wake na plagi ndogo vitafaa. Kabla ya kuunga, angalia mchoro kwenye tundu la redio: katikati ni chanya au ni hasi? Redio hazifanani.

Sasa moto. Betri ya gari, chanya ikigusana na hasi, huweza kutoa ampea mamia. Waya huwa mwekundu, nasi tunalala chini ya turubai na nyasi. Weka fyuzi ya ampea 1 kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, si karibu na redio. Ikikatika, tafuta kosa. Usizibe pengo kwa karatasi ya sigara. Na betri ichajiwe nje, mbali na jiko, maana hutoa hewa inayolipuka.

Mkimaliza kuunga, pimeni kwa mita kabla ya kuchomeka redio. Isome karibu na 6. Mshale ukirudi nyuma, nyaya zimepishana.