Vitabu vya Zahanati na Mafunzo ya Wanaoviandika

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari za vitabu vya zahanati. Wengine wenu walicheka walipoliona jambo hili katika orodha ya mkutano, wakauliza, watu wa reli na vitabu vya dawa wapi na wapi? Ndugu, ni nani wanaokaa katika landi? Ni wake zetu na watoto wetu ndio wanaopanga foleni pale alfajiri.

Tuchukue habari ya chanjo, maana kila mzazi hapa anaijua. Ile sindano ya paja inayomkinga mtoto na dondakoo, pepopunda, kifaduro na maradhi mengine hupigwa mara tatu: wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Ya surua hupigwa miezi 9, na tena miezi 18. Sasa mtoto amepigwa ya kwanza, halafu baba amehamishiwa stesheni nyingine, au mama amekwenda shamba kupanda. Ya tatu haikupigwa. Ni nani atakayejua? Kijitabu cha mama kimo sandukuni nyumbani. Kitakachosema ni rejista ya zahanati tu, nayo itasema ikiwa nesi aliandika jina la mtoto, jina la mama, nyumba wanayokaa na namba ya simu. Hapo anaweza kumtuma mhudumu wa afya wa mtaa akabishe hodi. Lakini kama alipiga mstari tu katika karatasi ya kuhesabia, basi ana mistari 40 na hamjui hata mtoto mmoja.

Hesabu hizo zasafiri hivi. Rejista hutoa karatasi ya kuhesabia, karatasi hiyo hutoa ripoti ya mwezi, na ripoti yatakiwa ifike ofisi ya kaunti ndogo tarehe 5 ya mwezi unaofuata. Huko huingizwa katika kompyuta, katika mtambo uitwao DHIS2, ambao Kenya ilianza kuutumia nchi nzima mwaka 2011. Tangu 2013, kazi ya zahanati na hospitali nyingi iko mikononi mwa serikali za kaunti kwa amri ya Katiba ya 2010. Kwa hiyo msiseme tena kwamba mambo haya ni ya Nairobi. Ni ya hapa.

Mtambo ni mzuri, hatuupingi. Lakini kompyuta hupokea chochote ipewacho. Ikipewa uongo, itauchora kwa rangi nzuri. Zahanati ikisema imechanja watoto 112 katika kila 100, wengine hupiga makofi, na kumbe ama idadi ya watoto wa mahali pale imekisiwa vibaya, ama mistari imepigwa mara mbili.

Sisi wa reli tunajua kuandika ni nini. Katika njia moja, steshenimasta huandika saa ya treni katika kitabu wakati ule ule treni inapopita. Hangoji jioni akumbuke. Akikosea, treni mbili zitakutana uso kwa uso, na hapo hapana kufuta. Wala hapewi kazi hiyo kwa kuwa yuko karibu na meza. Hufundishwa kanuni, hutahiniwa, na baada ya muda huitwa tena atahiniwe. Tunauliza, kwa nini anayeandika maisha ya watoto wetu apewe kalamu na kuambiwa, jaribu?

Msifikiri tumekuja kuwashitaki manesi. Twende tukaone zahanati ndogo ilivyo. Nesi ni mmoja, pengine wawili. Ana rejista ya wagonjwa wa nje, ya waja wazito, ya chanjo, ya uzazi wa mpango, ya kifua kikuu, ya virusi vya ukimwi, na nyingine tumeisahau. Foleni inafika mlangoni. Atibu au aandike? Atatibu, na afanya vizuri. Kuandika kutangoja jioni, na jioni ameshasahau nusu.

Liko jambo lililotupata katika zahanati moja karibu na njia, ambayo hatutaitaja. Dawa za malaria zilikwisha, watu wakarudishwa. Tulipokwenda kuuliza, tuliambiwa kwamba ripoti za miezi mitatu zilionyesha wagonjwa wachache, basi ikaagizwa dawa chache. Wagonjwa hawakuwa wachache, ndugu. Rejista ilikuwa imejaa, nyingine haikuletwa, na nesi aliyekuwa peke yake aliandika katika daftari la shule ambalo halikuhesabiwa na mtu. Dawa huagizwa kwa kufuata hesabu ya zilizotumika. Mgonjwa asiyeandikwa hahesabiwi, wala dawa yake haiagizwi.

Na kipindupindu hakingoji tarehe 5. Kanuni yataka mgonjwa mmoja tu anayeshukiwa atangazwe katika saa 24, ili Bwana Afya aende kwenye maji na vyoo kabla mtaa mzima haujaanguka. Mjini London mwaka 1854, daktari John Snow aliandika nyumba za waliokufa kwa kipindupindu, akaona wengi wamezunguka bomba moja la maji. Mkono wa bomba ukaondolewa. Kazi yake ilikuwa kuuliza na kuandika. Nyumba isipoandikwa, Bwana Afya ataanzia wapi?

Basi twataka nini? Kwanza, watu. Iko kazi ya karani wa kumbukumbu za afya, inasomewa KMTC, na sheria ya mwaka 2016 iliitambua kuwa taaluma yenye bodi yake. Vijana wamehitimu, wako nyumbani. Kaunti ikiajiri mmoja awe anazunguka zahanati tatu au nne, nesi atapumua.

Pili, mafunzo. Hatupendi yale ya kumwita nesi hotelini siku tatu, zahanati ikafungwa, akarudi na mfuko na kalamu. Afundishwe mezani pake, kwa rejista yake mwenyewe. Mkaguzi achague mwezi mmoja na huduma moja, wahesabu pamoja majina yaliyo katika rejista, kisha walinganishe na karatasi ya kuhesabia, kisha na ripoti iliyopelekwa. Rejista ikisema 52 na ripoti 71, watafute pamoja 19 wametoka wapi. Saa moja hivi inafundisha kuliko vitabu vingi. Lakini mkaguzi asije kama polisi. Nesi akiogopa atapika hesabu, na hesabu iliyopikwa ni mbaya kuliko iliyokosekana, kwa maana ile iliyokosekana angalau yaonekana.

Tatu, hesabu zirudi. Chati ya chanjo ibandikwe ukutani pale pale, waliopata ya kwanza na waliopata ya tatu, mwezi kwa mwezi. Wakipotea zaidi ya 10 katika kila 100 kati ya ya kwanza na ya tatu, yafaa watu waulizane. Mtu huandika vizuri kitu anachokitumia mwenyewe.

Kuna watakaosema kaunti haina fedha. Rejista ni karatasi na jalada. Mshahara ndio mzito, hilo twakubali, na ndiyo maana lazima tuseme mapema. Makadirio ya kaunti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na Katiba inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni yao. Mwaka jana watu wa landi waliokwenda kwenye kikao kile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, nao walisema habari ya barabara tu.

Safari hii tawi litapeleka karatasi iliyoandikwa, yenye mambo haya matatu. Kila nyumba ambayo mtoto wake alirudishwa bila chanjo, au mgonjwa wake bila dawa, imletee katibu habari kabla ya Ijumaa: tarehe, zahanati, na kilichokosekana. Majina ya wagonjwa hatuyataki, hayo ni siri yao. Asiyejua kuandika aje ofisini jioni, yuko mtu wa kumwandikia.