Uzee Huanza Kabla ya Mvi

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati iliponiandikia barua ilinipa uhuru wa kuchagua mada. Nadhani ilitazamia nizungumzie utumishi wa umma, maana ndiyo kazi yangu. Nimeona afadhali niseme juu ya jambo linalowahusu watumishi na wasio watumishi, nalo ni kuzeeka, na hasa namna mtu anavyoweza kuuchelewesha uzee kwa mazoea anayoyaanza angali kijana. Mimi si daktari. Wamo humu madaktari waliosoma hapa hapa, nao wana ruhusa ya kunisahihisha tutakapokuwa mezani.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Miaka haizuiliki, na mvi si ugonjwa. Siku hizi mijini kwetu zinauzwa dawa na mafuta ya kurudisha ujana kwa bei ya kutisha, na mpaka leo sijamwona aliyefaidika nazo ila muuzaji. Uzee ninaousema mimi ni ule wa ndani: mishipa ya damu kukakamaa, misuli kupungua, mifupa kudhoofika, moyo na figo kuchoka. Huo ndio unaomfanya mtu wa miaka 58 ashikwe mkono kupanda ngazi za ofisini, huku mwingine wa miaka 75 anakwenda shambani na jembe begani bila kumwomba mtu msaada.

Uzee huo hauanzi siku ya kustaafu. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa mioyo ya askari 300 waliouawa katika vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Walikuwa vijana waliopimwa na kukubaliwa jeshini, wala hakuna aliyewadhania kuwa wagonjwa. Hata hivyo zaidi ya robo tatu yao walikutwa na dalili za mishipa ya moyo iliyoanza kuharibika. Miaka 22, vijana! Wakubwa wenu wa kidato cha sita watafika huko baada ya miaka mitatu au minne tu.

Msiseme hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1929 daktari mmoja aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Nyanza ya Kusini huko Kenya, aliandika katika jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, kwamba alikuwa amewapima Waafrika 1,000, na shinikizo la damu lililopanda, lile tunaloliita presha, hakuliona. Tena aliona kuwa kwa watu wale shinikizo halikuendelea kupanda kadiri mtu alivyozeeka, kama lilivyokuwa likifanya Ulaya. Basi, nani ametuambia kwamba presha ni haki ya kila mzee?

Miaka 40 baadaye Daktari Shaper, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere, pamoja na wenzake, waliwachunguza Wasamburu. Nyumbani kwao kaskazini ya Kenya, wakichunga na kunywa maziwa, shinikizo lao la damu lilikuwa la chini hata uzeeni. Lakini vijana wao walioingia jeshini, wakala chakula cha kambini chenye chumvi nyingi, shinikizo lao lilipanda. Damu ilikuwa ile ile, na ukoo ule ule; kilichobadilika ni sufuria. Kisha mwaka 1990 zilichapishwa habari za uchunguzi mwingine wa Wajaluo zaidi ya 300 waliohama vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi. Walilinganishwa na ndugu zao waliobaki. Haikuchukua miaka, ilikuwa miezi tu, shinikizo la wale wahamiaji likawa juu kuliko la waliobaki, na mkojo wao ukaonyesha kwamba chumvi imezidi na ile madini ya potasiamu, tunayoipata katika mboga, ndizi na maharage, imepungua.

Sisi tuliomaliza shule hii ndio wahamiaji wenyewe. Hebu tukumbuke tulivyoishi hapa. Kengele saa 11 alfajiri, mchakamchaka mpaka barabara kuu na kurudi, usafi, uji, darasani. Mchana ugali na maharage (na wale wadudu wa maharage, ambao mpishi alituambia ni nyama ya ziada). Jioni shamba la shule au mpira. Saa 4 usiku taa zimezimwa. Jumapili nyama, kipande kimoja, nacho kilihitaji kutafutwa kwenye mchuzi. Tulilalamika sana. Kuna hata mwaka mmoja tulimwandikia Mwalimu Mkuu barua ndefu juu ya maharage, na waandishi wake wawili wamo humu leo wakiwa na vyeo vikubwa. Kumbe tulikuwa tukilishwa na kuendeshwa karibu sawasawa na vile wataalamu wanavyoshauri leo.

Tukatoka hapa, tukasoma, tukapata kazi. Mchakamchaka ukaishia getini. Asubuhi chai ya maziwa na chapati mbili, saa 4 sambusa na soda, mchana wali na nyama, jioni barazani na wenzetu, nyama choma na kachumbari, na kile kilima cha chumvi pembeni ya sahani ambacho kila mtu anachovya kama amedhulumiwa chumvi utotoni. Kiti cha ofisini, kiti cha gari, kiti cha baa, kisha kitanda. Na kitambi kilipotokea, jamaa nyumbani walifurahi, wakasema sasa mwanetu amekuwa mtu. Mimi naona hapa ndipo penye ugumu wenyewe. Utafiti tunao, lakini tumekipa kitambi cheo.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya hotuba hii tulisimama dakika moja kuwakumbuka wenzetu. Wa mwaka wangu waliotajwa ni watano, na wawili kati yao walikufa kwa kiharusi kabla ya kufika miaka 50. Mmoja wao mimi nilikaa naye dawati moja. Alikuwa golikipa wetu. Alipimwa, akaambiwa ana presha, akapewa dozi, akameza miezi michache, akajisikia mzima, akaacha. Aliniambia mwenyewe kwamba ameacha kwa sababu hana maumivu yoyote. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu, hauumi. Ameacha mjane na watoto watatu, na mkubwa wao alikuwa kidato cha pili. Sisemi haya kumlaumu marehemu. Nasema kwa sababu najua kuwa humu ndani wako wengine wenye kopo la vidonge lililosahauliwa kabatini, nao wanajijua.

Wala si mambo ya watu wachache. Katika uchunguzi uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2012, kiasi cha robo ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikutwa na presha. Wakati wa ile kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wazazi wetu walikusanyika kusikiliza redio na kujifunza juu ya malaria, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Waliitikia, wakachimba vyoo. Maradhi hayo bado tunayo, na haya mengine yamekuja juu yake.

Sasa la kufanya. Nianze na sigara, maana hapo hesabu ni safi kabisa. Mwaka 1951 Profesa Richard Doll na mwenzake walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, zaidi ya 34,000 wanaume, wakawafuatilia kwa miaka 50. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2004 yalionyesha kwamba aliyeendelea kuvuta alipoteza wastani wa miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50 aliokoa 6. Mwenye 40 aliokoa 9. Na mwenye 30 aliokoa karibu yote 10. Itazameni vizuri hesabu hiyo, kwa kuwa ina habari mbili. Kwa kijana, inasema kuwa kuwahi kuna faida kubwa. Kwa sisi wa miaka 40 na kitu, inasema mlango bado haujafungwa.

Chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo katika mkate na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Ondoeni chumvi mezani, ibaki jikoni. Ulimi huzoea, baada ya wiki chache chakula cha zamani utakiona kikali.

Sukari ni hesabu ya darasa la nne. Mtu anayeweka vijiko vitatu katika kikombe, akanywa vikombe vinne, amekula vijiko 12, karibu gramu 50, na huo ndio mpaka wa siku nzima unaotajwa na shirika hilo hilo, ambalo kwa kweli lingependa tuishie nusu yake. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kiasi cha vijiko tisa. Sijamkataza mtu soda ya harusi. Nasema soda ya kila siku.

Ugali sina ugomvi nao, ila nawaomba mrudi kwenye dona. Tunalipa zaidi ili mahindi yakobolewe, yatolewe kiini na makapi yenye manufaa, kisha tunakwenda dukani kununua vidonge vya vitamini. Mchicha, matembele, kisamvu, maharage, kunde, dagaa, matunda ya msimu: hivi havimpendezi mgeni wa heshima, najua, lakini ndivyo vinavyolinda mishipa. Juu ya pombe nitasema neno moja tu, kwamba inapandisha presha, na wahusika tunafahamiana.

Kisha mwili utumike. Mwaka 1953 Profesa Jerry Morris alionyesha kwamba katika mabasi ya ghorofa ya London, makonda, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kwenye usukani. Mwenyewe alikuwa mtu mwaminifu. Mwaka 1956 alikwenda kutazama vipimo vya suruali za sare, akakuta kwamba madereva walikuwa na viuno vinene tangu walipokuwa vijana, hivyo akakiri kuwa si kazi peke yake iliyoleta tofauti ile. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata, katika nchi nyingi, umempa haki. Wanaotakiwa kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki wanatakiwa nusu saa kwa siku tano tu. Ukishuka kituo kimoja kabla ya ofisi, umekwisha lipa sehemu ya deni.

Misuli nayo huanza kupungua tukishapita miaka 30 hivi, kama haitumiki. Wazee wetu wasikate tamaa kwa kusikia hivyo. Mwaka 1990 huko Boston wazee dhaifu kumi, wa miaka 86 hadi 96, walifundishwa kunyanyua vyuma kwa miguu kwa wiki nane. Nguvu za miguu yao zikawa zaidi ya maradufu. Nanyi wanafunzi jueni kwamba mifupa mnayoijenga mpaka mkaribie miaka 30 ndiyo akiba mtakayoitumia maisha yenu yote yaliyobaki. Haina mkopo wa kuongeza baadaye. Kwa hiyo mtakapomaliza shule, msiache mpira ukaishia kwenye televisheni.

Mtumishi wa umma nchini kwetu anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na 60. Kwa kazi yangu nimewaona wengi wakija kufuatilia mafao yao. Wengine huja wakitembea, wana ramani ya nyumba mkononi na mipango ya kufuga kuku. Wengine huletwa na watoto wao, na fedha yote waliyoingojea miaka 35 tayari ina njia yake kwenda hospitali.

Mwisho, nina maombi mawili kwa Kamati. La kwanza, fedha iliyobaki katika michango ya mwaka huu inunue mashine mbili za kupimia presha, moja ikae katika zahanati ya shule, nyingine iwekwe mlangoni pa ukumbi kila tunapokutana, na mtu asipewe sahani kabla ya kufunga mkono. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine na aende kwa daktari, naye daktari tunaye hapa hapa. La pili, kesho kabla hatujatawanyika, saa 12 asubuhi tukutane uwanja wa paredi. Mwalimu wa michezo amekubali kutuongoza, kwa mwendo wa kutembea, mpaka barabara kuu na kurudi. Wanafunzi watatangulia, wazee watatuvuta, sisi wenye vitambi tutakaa katikati. Aliyekuja na viatu vya ngozi tu aje navyo hivyo hivyo.