Wengi Wape, na Wachache Wasikizwe

Wahenga walinena, wengi wape. Walakini mwaka 1991 Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipozunguka Bara na Zanzibar ikikusanya rai za Watanzania juu ya mfumo wa siasa, ilikuta takriban asilimia 80 wakitaka chama kimoja kiendelee, na pamoja na hayo ikashauri vyama vingi viruhusiwe, shauri lililopata nguvu ya sheria mwaka 1992.

Tume haikuwadharau wengi. Ilizipima kauli zao kwa taamuli, ikatambua kuwa miongoni mwa hao hao waliotaka chama kimoja walikuwamo wengi waliodai mageuzi makubwa.

Basi nasi, tukaapo barazani kuamua jambo la kisima, ardhi au shule, tusikimbilie kuhesabu mikono kabla ya kuuliza kila mmoja anataka nini, anahofu nini, na ni nani atakayedhurika. Kwani hesabu hutujulisha walio wengi, ilhali maslahi ya wote hayadhihiriki ila kwa kusikizana kwa subira na insafu.